Jiwe la Dada Yangu Lililopanda Ndege

Tangu nirudi, kila ninapopita naulizwa swali lile lile: "Mjomba, ilikuwaje huko juu?" Nimechoka kusimulia nusu nusu, maana kila anayeipata nusu yake huenda kuitia chumvi. Juzi nimesikia sokoni kwamba tulianguka. Hatukuanguka. Nimekaa chini niandike yote mara moja, na asiyeamini aje anitazame, miguu yangu yote miwili ipo.

Kwa wasionijua, mimi ni wakala wa mizigo hapa Tunduma. Nimekaa mpakani miaka mingi nikikagua malori, nimeona mengi yaliyoandikwa saruji na ndani yake hamna hata vumbi la saruji. Kazi hii imenifundisha jambo moja: mtu akikuambia nyuma hakuna kitu, anza na nyuma.

Dada yangu mkubwa, Mama Tumaini, ni mjane na analima kahawa kule Igamba, Mbozi. Ana binti mmoja tu, Tumaini, aliyeolewa na rubani aitwaye Gilbert, kijana wa Tanga aliyekulia Dar es Salaam. Wanaishi Livingstone, Zambia, ambako Gilbert huwarusha watalii kutazama maporomoko. Tangu harusi, miaka mitatu sasa, Tumaini hajakanyaga Igamba. Simu anapiga, lakini simu haina uso. Ukimuuliza mbona haji, anasema, "Tutakuja tu." Mimi neno "tu" silipendi.

Halafu ghafla Gilbert anapiga simu. Eti yeye na wenzake wawili wamenunua ndege ya zamani ya viti vinne, na atakuja nayo kutuchukua mimi na dada, tukapumzike kwao wiki nzima. Bure! Hata chai ya bure mpakani ina jambo lake, sembuse ndege.

Ukoo ukakaa. Mdogo wetu anayelima mpunga Kamsamba alipanda kutoka kwenye joto lake la bondeni akasema waziwazi yale tuliyokuwa tunayafikiri: "Huyo kijana anaficha kitu. Mtoto wetu amefungiwa huko." Wakanipa kazi. Niende na dada, nimwangalie Tumaini kwa macho yangu, na nikikuta mambo hayaeleweki, nirudi naye, mume apende asipende. Nikakubali. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitarudi naye.

Igamba hadi uwanjani

Kabla sijaendelea, kuna mila ambayo wageni hawaijui. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawazungumzi. Hawatazamani usoni wala hawali pamoja, na wakikutana njiani mama huingia shambani mpaka mkwe apite. Si chuki, ni heshima, tena kubwa kuliko zote. Ipo siku ya kuifungua, kuku huchinjwa na mama humlisha mkwe kwa mkono wake, baada ya hapo wanaongea kama watu. Lakini Gilbert alioa akaondoka, na siku hiyo haikufika.

Sasa sikilizeni alichotaka. Alipiga simu akasema anahitaji kujua uzito wa kila mtu pamoja na mizigo, kwa sababu ndege ndogo haichukui zaidi ya kiasi fulani.

"Mkwe anataka kilo zangu?" Dada alishika kichwa. "Za nini, jamani? Nimekuwa gunia?"

Mimi pia sikuipenda habari ile. Kwetu kinachopimwa ni kinachouzwa. Lakini tukaenda kwenye chama cha kununulia kahawa, dada akavua viatu akapanda kwenye mizani huku amefunika uso, na karani akamwambia, "Mama, wewe ni daraja la kwanza." Nikapima na sanduku langu. Lilikuwa zito kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeweka unga wangu, dagaa wangu na maji yangu ya chupa. Chakula cha mtu nisiyemwamini sikili kwa wiki nzima.

Siku ya safari, jirani alitupeleka kwa gari lake mpaka uwanja wa ndege wa Songwe. Mambo ya pasi na mihuri nayaruka, hayana utamu. Gilbert alitupokea kwa adabu. "Shikamoo mjomba," akasema, na palepale akageuka, akasimama mbali akiwa ametupa mgongo, akitazama milima, ili mama apande bila kuonekana. Nilidhani Tumaini ndiye aliyemfundisha. Nilijiuliza pia kwa nini amejifunza vizuri hivyo.

Mimi, niseme ukweli, woga ulinikimbiza chooni. Niliporudi dada alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, kanga imefunika kichwa chote. Na nyuma ya kiti chake, mahali pa mizigo, niliona kitu. Juu ya sanduku langu palikuwa na blanketi la kijivu la ndege, na chini ya blanketi palikuwa na uvimbe ambao haukuwa sanduku langu.

Mkaguzi mzuri hapigi kelele mapema.

Juu ya Tunduma

Nilikaa mbele, kando ya Gilbert. Kila mtu alivikwa vile vidude vya masikioni vyenye kipaza sauti mdomoni, maana bila hivyo injini inameza maneno yote. Na hapo ndipo dada alipokwama. Akisema neno lolote kwenye kile kidude, linaingia moja kwa moja sikioni mwa mkwewe. Akakigeuzia pembeni kama mtu anayefukuza nzi.

Ndege ikakimbia. Ikakimbia tena. Niliuona mwisho wa lami ukija nikaanza kumkumbuka marehemu mama. Ikainuka mwishoni kabisa, kwa uchovu, na Gilbert akakunja uso.

"Mjomba, zile kilo za mama mlipima vizuri?"

"Mizani ya kahawa haidanganyi," nikasema.

"Basi sielewi. Mkia ni mzito."

Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Mwizi naye huuliza kama mlango ulifungwa.

Baada ya muda mfupi akaniambia nitazame chini, na kweli ilikuwa Tunduma yetu. Foleni ya malori niliyohangaika nayo maisha yangu yote ilikuwa imejilaza barabarani, imepita mpakani na kuingia Nakonde bila hata kuonyesha ni wapi Tanzania inaishia. Niliona mabati ya ghala ninapofanyia kazi. Nilifurahi, sifichi, nikasahau shaka zangu kwa dakika chache.

Kisha Gilbert akashusha pumzi na kuzungusha gurudumu dogo la kusawazisha ndege lililoko kati yetu, akasema tena, "Mkia." Shaka ikarudi na ndugu zake. Nikakumbuka kwamba alifika jana yake akalala Mbeya. Alionana na nani? Nikakumbuka Mbangala, ambako watu wanachimba dhahabu usiku na mchana, na dhahabu ni kitu kidogo kwa umbo lakini kizito. Mtu anayetaka kuivusha bila kupita kwenye macho ya watu kama mimi angefanya nini? Angenunua ndege. Na ili asishukiwe angepakia nani? Bibi wa Igamba aliyefunika uso, na kaka yake. Yote yakakaa mahali pake.

Mara dada akanigusa bega. Nikageuka. Alikuwa ananyoosha kidole nyuma, kule kwenye blanketi, huku midomo inacheza. Sikusikia kitu kwa injini. Akanyoosha tena, macho yamemtoka.

Nikamwitikia kwa kichwa kumwonyesha kwamba nimeshaona. Dada yangu naye si mjinga, nilijiambia, ameligundua. Akanigusa tena, na tena, mpaka bega likauma. Nikaweka kidole mdomoni mwangu: nyamaza, niachie mimi.

"Mama anasemaje?" Gilbert aliuliza.

"Anasema anasikia baridi."

Gilbert akafunga tundu la hewa, akaongeza joto. Dada alijifunga kanga vizuri zaidi, akainamisha kichwa, na baadaye nilimwona anafuta machozi. Nilimhurumia kwa sababu ambayo haikuwa yenyewe.

Kiwanja cha majani

Tulikuwa tumeiacha Mpika, huko Zambia, upande mmoja Gilbert aliposema mafuta yanakwenda haraka kuliko alivyopanga, na kwamba atatua kwenye kiwanja cha shamba la mtu anayefahamiana naye, atazame ndege na aongeze mafuta. Akazungumza na watu wa redio kwa Kiingereza cha kukimbia. Kiwanja chenyewe kilikuwa majani na mbuzi. Tulizunguka juu mara mbili wakati mtu mmoja mwenye fulana nyekundu akiwafukuza, na walipotoka wote, mmoja akarudi.

Mwenye fulana aliitwa Bwana Mulenga, mwangalizi wa shamba. Mkewe alikuja nyuma yake akipiga makofi ya taratibu na kupinda magoti. "Mwaiseni, mukwai!" Karibuni. Mama yule alimwona dada anashuka amefunika uso huku Gilbert amegeukia mbuzi, na hakuhitaji kuelezwa. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba. Mila hiyo anaijua, kwao kama kwetu.

Tukaletewa ugali mweupe na bakuli la vitu vyeusi vilivyokaangwa. Nilidhani ni dagaa wakubwa, nikatia mkono, kumbe ni viwavi. Wanaviita ifinkubala. Bwana Mulenga alikuwa ananitazama kwa furaha na mkono wangu ulikuwa umeshafika mdomoni, ningefanyaje? Nilikula. Ni vitamu, lakini msimwambie mtu kwamba mimi ndiye niliyesema.

Gilbert hakula sana. Alikuwa anatazama ile pembe ya nyumba ambako dada alipotelea. "Naona hata chakula hawezi kula nikiwepo," akasema polepole. Nikamwambia ni mila. Akajibu, "Ndiyo, nimeambiwa," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa dawa si chungu. Nikajiambia huyu anatafuta huruma, na anayetafuta huruma ana deni la ukweli.

Kisha akasimama. "Mjomba, siirushi ndege hii mpaka nijue mkia una nini. Ngoja nipakue kila kitu. Nisipoona sababu, itabidi nimsubiri fundi kutoka Lusaka, na nyie niwatafutie basi la kurudi Tunduma. Sitamhatarisha mama."

Hapo damu ikanipanda. Nilielewa mchezo wote. Anataka kushusha mali yake hapa hapa kwa mwenzake, aturudishe sisi kwa basi, na Tumaini tusimwone kabisa. Nilimfuata nikamtangulia, nikasimama mbele ya mlango wa ndege na kutandaza mikono.

"Hugusi kitu mpaka wawepo mashahidi!"

"Mashahidi wa nini?"

"Bwana Mulenga! Njoo hapa, na mama aje!" Nilikuwa napiga kelele kama niko foleni. Watu wa shamba wakaanza kusogea. "Huyu kijana amebeba dhahabu ya Mbangala. Nimeiona tangu Songwe. Ametutumia sisi kama majani ya kufunikia. Leo ndiyo mwisho, na mtoto wetu narudi naye nyumbani!"

Nikaingiza mkono, nikavuta blanketi la kijivu. Chini yake palikuwa na furushi limefungwa kwa kanga, mafundo mawili, kubwa kama mtungi. Nilijaribu kulivuta, likakataa. Lilikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la nne.

Gilbert hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Aliangalia furushi, akaniangalia mimi, kisha watu waliokusanyika, na uso ukamwishia nguvu.

"Kumbe ndivyo mnavyoniona," akasema. "Basi ni kweli. Miaka mitatu Tumaini ananiambia mama ananiheshimu. Mimi najua mtu anayekimbiwa. Mchukueni tu mtoto wenu, mjomba. Kama ndivyo mlivyokuja kufanya, mchukueni. Sitagombana na nyie."

Nilikuwa nimekuja kusikia maneno hayo hayo, na nilipoyasikia hayakuwa na utamu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma yetu. Haikuwa kubwa, lakini sauti ile ilikuwa haijawahi kusikika mbele ya mwanaume yule.

"Gilbert."

Tuligeuka wote. Dada alikuwa amesimama penye pembe ya nyumba, kanga imemwangukia mabegani, uso wazi, anamtazama mkwewe machoni. Mke wa Bwana Mulenga aliziba mdomo kwa mkono.

"Gilbert, mwanangu. Mzigo ni wangu."

Akaja mpaka kwenye ndege, akafungua mafundo yeye mwenyewe. Ndani lilikuwa jiwe la kusagia ulezi. Nalijua jiwe lile. Ni la mama yetu, naye alipewa na mama yake, katikati limelika likawa kama bakuli kwa mikono ya wanawake wa nyumba yetu. Nilipokuwa mdogo nilichapwa kwa kulikalia.

"Jiwe huenda kwa binti," dada akasema, "na mama ndiye hulipeleka. Mkono mtupu haulambwi. Ningekwendaje kwa mwanangu mara ya kwanza mikono mitupu? Yule binti wa mashine ya kukagulia mizigo pale uwanjani alinifungulia, akaona, akacheka, akaniacha, na vijana wa mizigo wakanipakilia. Wewe ulikuwa umegeuka kwa heshima. Ningekuambiaje? Siruhusiwi kusema na wewe." Akanigeukia mimi. "Na huyu nimemgusa bega tangu Tunduma mpaka kidole kimekufa ganzi, yeye ananiambia nyamaza!"

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa ndani ya kanga ya dada yangu mwenyewe. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Watu wa shamba hawakuelewa Kiswahili chote, lakini jiwe walilielewa, na walianza kucheka kwa heshima, kisha bila heshima.

Gilbert hakucheka. Aliketi chini kwenye majani, kando ya gurudumu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Mama, nilidhani hunipendi. Kila nilipokuja wakati wa uchumba ulikimbilia kwenye kahawa. Tumaini akaniambia ni mila, nikadhani ananifariji tu. Ndiyo maana hatujaja. Mimi niliona aibu kuja kukimbiwa tena, naye akasema hawezi kuja peke yake kama mjane. Tulipopata ndege nikasema labda hapa tutakaa karibu, humu hana shamba la kuingilia."

"Nilikuheshimu mpaka magoti yakauma," dada akasema. "Mtu hamkimbii hivyo mtu asiyempenda. Asiyempenda humpita tu."

Mke wa Bwana Mulenga akaingilia kati kwa Kibemba na mikono. Bwana akatutafsiria: mambo hayawezi kuachwa hivyo, neno limetangulia chakula, lazima chakula kilifuate upesi. Mama yule akaenda kukamata kuku. Hatukuwa na wazee wetu wala ngoma. Tulikuwa na wenyeji tuliofahamiana nao tangu mchana huo, na mbuzi. Kuku alipoiva, dada alikata paja, akapiga goti, akampa Gilbert mkononi. Gilbert alilipokea kwa mikono miwili na akashindwa kulila kwa sababu alikuwa analia. Mimi nilitazama pembeni, moshi wa kuni ulikuwa umenikamata machoni.

Kufika

Ilibaki hesabu ya uzito. Dada akasema jiwe liachwe. Gilbert akasema jiwe haliachwi, labda aachwe yeye. Akatazama mizigo yote, kisha akatazama sanduku langu.

"Mjomba, humu mna nini?"

Nikataja unga, dagaa, maji. Sanduku lilishushwa likabaki kwa Bwana Mulenga. Kumbe wasiwasi nao una kilo.

Jiwe likasogezwa mbele, likakaa kiti cha nyuma na mkanda wake, na mimi kando yake. Dada alikaa mbele. Kwetu Mbozi tumezoea jiwe litoke mbinguni lije chini, kama kile kimondo. La dada yangu lilitoka chini likaenda juu. Mkia haukulalamika tena. Tulilala Lusaka, asubuhi tukaendelea, na njia yote wale wawili waliongea. Waliongea kahawa, waliongea Tanga, dada akauliza kila swichi na kila saa kwenye dashibodi ni ya kazi gani. Mimi nilisikia kila neno masikioni na sikupewa nafasi ya kusema hata moja.

Tulipokaribia Livingstone niliona kitu kama moshi wa shamba kubwa linaloungua. Gilbert akasema ni maji. Nikataka kubisha, nikajizuia.

Tumaini alikuwa uzioni. Amenenepa, ana afya, ana cheko lake lile lile. Alimwona mama yake anashuka mlango wa mbele, mkono wake umeshikwa na Gilbert ili asijikwae kwenye bawa, na Gilbert anamwambia, "Polepole, mama," na mama anajibu, "Niache, nimekwea miparachichi mimi." Tumaini akakaa chini palepale kwenye lami. Alikuwa anacheka na kulia na hakuweza kuinuka.

Maporomoko tuliyaona. Tulilowa hadi chupi. Sitayaeleza, waliokwenda wanajua na ambao hawajakwenda hawataniamini. Ninachokumbuka zaidi ni asubuhi, sauti ya jiwe juu ya jiwe jikoni, dada anamfundisha Tumaini kusaga ulezi, na Gilbert amepiga magoti kando akijaribu naye, wote wawili wanamcheka.

Kurudi

Nilirudi kwa basi, kwa matakwa yangu. Mpika nikashuka kuchukua sanduku langu. Bwana Mulenga alikuwa amelitunza vizuri, ila mbuzi walikuwa wamekula mpini. Nilimwachia unga na maji. Dagaa nilikuja nao, na mke wake akaniongezea mfuko wa ifinkubala.

Pale mpakani, kijana mgeni wa ukaguzi ambaye hanijui alinitazama kwa jicho ambalo nalijua sana, maana ni langu. "Mzee, humo nyuma kuna nini?" Nikafungua bila kubisha.

Ukoo ulikuwa umekaa kwangu unanisubiri. Hawakuniuliza habari ya ndege wala ya chakula. Mdogo wetu wa Kamsamba alichungulia mlangoni nyuma yangu, akaona hakuna mtu.

"Tumaini yuko wapi?"

"Yuko kwake."

"Na dada?"

"Amekataa kurudi kwanza. Amebaki kwa mwanawe."

"Kwa Tumaini?"

"Hapana," nikamwambia. "Kwa Gilbert."